Chama cha Wafanyakazi Bila Wafanyakazi: Funzo la Busia na Tororo

Kenya ina chama cha siasa kiitwacho Labour Party of Kenya, na watu wawili waliokitambulisha zaidi kwa umma wote ni wa Busia. Wa kwanza ni Dkt. Julia Ojiambo, mtaalamu wa lishe aliyeingia Bungeni mwaka 1974 na kuwa mwanamke wa kwanza nchini humo kuteuliwa waziri msaidizi. Akiwa mwenyekiti wa chama hicho, alitangazwa kuwa mgombea mwenza wa Kalonzo Musyoka katika uchaguzi wa 2007, kwa tiketi ya ODM-Kenya. Wa pili ni Ababu Namwamba, aliyekuwa mbunge wa Budalangi alipojiondoa katika chama cha ODM mwaka 2016 na kushika uongozi wa Labour Party. Mwaka uliofuata alishindwa kukitetea kiti chake.

Ikiwa kuna pembe ya Afrika Mashariki ambapo chama chenye jina la wafanyakazi kilipaswa kushika mizizi, basi ni huku. Shehena kubwa inayotoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala, Kigali na mashariki ya Kongo huvukia Busia au Malaba. Tororo ina kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950, na ni njia panda ya reli iendayo Kampala na ile iendayo Mbale, Soroti na Gulu. Kuna madereva na matingo wao, wapakizi, makarani wa forodha, waendesha boda, wachimba dhahabu wa upande wa Uganda, na wanawake wanaovusha mahindi, maharagwe na samaki kila siku ya Mungu. Hata hivyo, hakuna upande wa mpaka ambapo watu hawa wana chama cha siasa wanachoweza kukiita chao kwa haki.

Kwa nini? Jibu la haraka ni ukabila, na lina ukweli wake, lakini ukabila nao una historia na sheria zilizoulea. Ninachoshikilia mimi ni kwamba chama cha wafanyakazi hutambulika kwa anayekilipia. Pale ambapo mchango mdogo wa wengi ndio unaolipa kodi ya ofisi, mshahara wa katibu na nauli ya mjumbe, chama huwatumikia hao wengi. Pale ambapo mchango huo ulikatizwa, au uligeuzwa mali ya serikali, jina hubaki likitafuta mtu wa kulivaa. Historia ya vyama vya wafanyakazi katika nchi zetu ni historia ya mchango huo kukatizwa.

Ada kwanza, ilani baadaye

Tuanze mbali kidogo ili tuone kipimo. Labour Party ya Uingereza ilizaliwa Februari 1900, vyama vya wafanyakazi vilipokubaliana na makundi ya kisoshalisti kuunda kamati ya kupeleka wawakilishi wao Bungeni. Jina la sasa lilikuja 1906. Uti wake wa mgongo ulikuwa senti chache za kila mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Wapinzani wake walilijua hilo. Mwaka 1909 Walter Osborne, mfanyakazi wa reli aliyekataa ada yake kutumiwa katika siasa, alishinda kesi mbele ya Baraza la Malodi, na vyama vikazuiwa kuchangia siasa. Chama kikayumba hadi sheria ya 1913 ilipoirudisha haki hiyo. Aliyetaka kukidhoofisha hakuhitaji kukipiga marufuku. Alihitaji kuziba mkondo wa ada.

Sweden ilianza kwa upande wa pili. Chama cha Social Democrats kiliundwa 1889, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, LO, likafuata 1898. Nchini Brazil mafundi wa viwanda vya magari vya São Bernardo do Campo waligoma mwaka baada ya mwaka kuanzia 1978, chini ya utawala wa kijeshi, na Februari 1980 wakazaa Chama cha Wafanyakazi, PT. Kiongozi wao, Lula, aligombea urais akashindwa 1989, 1994 na 1998 kabla ya kushinda 2002. Chama kinachoweza kushindwa mara tatu mfululizo na bado matawi yake yakakutana ni chama ambacho hakikuwekwa mfukoni mwa mgombea.

Kutokana na mifano hii tunapata vipimo vitatu: ada inayotoka chini, tawi linalokutana hata pasipo uchaguzi, na uhuru wa kugombana na serikali iliyopo. Sasa tuviweke vipimo hivi mpakani.

Kazi zilizopo na wanaozifanya

Mpaka wenyewe uliwakuta watu. Mpaka mwaka 1902 eneo hili lote lilikuwa Uganda, hadi Naivasha. Ndipo Waingereza wakauhamishia mkoa wa mashariki wa Uganda katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta pande zote mbili. Baadaye reli ikapita: njia kuu kutoka Nakuru na Eldoret ilivuka Malaba hadi Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Pamoja na reli alikuja mfanyakazi wa aina mpya, mwenye mshahara wa mwezi, nyumba ya kampuni na zamu inayopigiwa king'ora. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Shirika la Maendeleo la Uganda lilijenga kiwanda cha saruji Tororo, kwa kuwa chokaa ilikuwa tele.

Hao ndio wafanyakazi ambao vitabu vya siasa ya wafanyakazi huwafikiria: wengi, mahali pamoja, chini ya mwajiri mmoja. Lakini leo si hao walio wengi mpakani. Tazama lori la mahindi likishushwa Busia. Vijana wawili wako juu wakivuta magunia hadi ukingoni. Wenzao chini wanapokea kwa mgongo, kitambaa kikiwa kimefungwa kichwani na shingoni kukinga vumbi na mikwaruzo. Malipo ni kwa gunia. Bei ilikubaliwa na mnyapara na mwenye mzigo kabla ya turubai kufunguliwa, na jioni mnyapara hutoa chake kwanza kisha hugawa kinachobaki. Hakuna karatasi inayoandikwa. Anayeteguka mgongo saa nne asubuhi hulipwa magunia aliyobeba hadi saa nne, na dawa ni juu yake na ndugu zake.

Mtu huyu agome dhidi ya nani? Mwenye mzigo ni mgeni wa siku moja. Mnyapara ni jirani yake, pengine shemeji. Mamlaka ya mapato haimjui. Baraza la mji linamjua kwa ushuru tu.

Karibu naye yuko mfanyabiashara mwenye ulemavu, akiwa juu ya baiskeli ya magurudumu matatu iliyosheheni bidhaa, vijana wakiisukuma kuvuka. Biashara hii imewalisha watu wenye ulemavu wa Busia kwa miaka mingi na kuwapa vijana hao kibarua. Yuko pia mwendesha boda. Baiskeli za kubeba abiria zilishamiri hapa tangu miaka ya 1960, zikipeleka watu kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine, na kutoka hapa kazi hiyo imeenea Afrika Mashariki nzima. Tarehe 24 Februari 2018 Marais Museveni na Uhuru Kenyatta walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo maofisa wa nchi mbili hukagua mzigo chini ya paa moja. Lori likapungukiwa na siku za kungoja. Mpakizi na mwendesha boda walibaki nje ya uzio, kwa kuwa mpango ulihesabu mizigo na dakika, na wao hawakuwa katika hesabu hiyo.

Jinsi uzi ulivyokatwa

Zamani uzi wa kumuunganisha mfanyakazi na chama chake ulikuwepo. Mwaka 1935 Makhan Singh alianzisha mjini Nairobi chama cha wafanyakazi kilichokuja kujiita cha Afrika Mashariki yote. Januari 1947 watu wapatao 15,000 waligoma Mombasa, bandarini na mjini, na African Workers' Federation ya Chege Kibachia ikasimama juu ya mgomo huo. Miezi michache baadaye Kibachia alikamatwa na kupelekwa kizuizini Kabarnet. Aprili 1950 Makhan Singh alisimama Kaloleni akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Uganda nayo ilitikiswa na migomo Januari 1945. Wakoloni walielewa mapema kwamba mfanyakazi akiunganisha mshahara na uhuru ni hatari zaidi kuliko anapodai kimoja.

Kisha kikaja kipindi ambacho nakiona kuwa cha maana kuliko vyote. Nchini Kenya, Juni 1953, chama cha siasa cha KAU kilipigwa marufuku. Kwa muda, jukwaa pekee la kitaifa lililobaki kwa Mwafrika lilikuwa Kenya Federation of Labour, KFL, ambayo Tom Mboya aliiongoza tangu mwaka huo. Mwaka 1955 serikali ilipolegeza kamba, iliruhusu vyama vya siasa katika ngazi ya wilaya tu. Wilaya zenyewe zilikuwa zimechorwa kwa kufuata makabila. Kwa hiyo kwa miaka mitano kabla ya vyama vya kitaifa kuruhusiwa mwaka 1960, mwanasiasa wa Kenya alifundishwa na sheria kutafuta kura kwa watu wa kwao. Ukabila wa vyama tunaoulalamikia leo uliwekewa msingi katika sheria hiyo.

Mboya alikaribia kuunda kitu tofauti. Nairobi People's Convention Party yake ya mwaka 1957 ilikuwa chama cha jiji moja, chenye nguvu mitaani na katika vyama vya wafanyakazi. Lakini hata yeye alijenga kwa pesa ambazo kwa sehemu kubwa zilitoka nje. Makao ya KFL mjini Nairobi yalijengwa kwa msaada wa vyama vya wafanyakazi vya Marekani, na Shirikisho la Kimataifa la Vyama Huru vya Wafanyakazi, mshirika wake, lilifungua chuo Kampala mwaka 1958 kuwafunza viongozi wa Afrika nzima. Naibu wake, Arthur Ochwada, alipojitenga 1959 na kuunda shirikisho lake, aliungwa mkono na Ghana ya Nkrumah. Vita Baridi vilileta fedha nyingi kwa haraka, na fedha za haraka zilimwondolea katibu haja ya kuhangaikia ada ya mbeba mizigo.

Baada ya uhuru, mlango ulifungwa kwa ufunguo wa sheria. Mwaka 1965 serikali ya Jomo Kenyatta ilivunja mashirikisho yaliyokuwa yakipigana na kuunda shirikisho moja, COTU. Rais alipewa mamlaka ya kumteua katibu mkuu kati ya majina matatu aliyopelekewa. Ada ikawa inakatwa na mwajiri kutoka mshaharani, kwa idhini ya waziri. Kwa upande mmoja hilo liliokoa vyama vilivyokuwa vikifa njaa. Kwa upande mwingine, tangu siku hiyo katibu aliyetaka kuwa salama alimtazama waziri kabla ya kumtazama mwanachama. Oginga Odinga na Bildad Kaggia, ambaye naye alitoka katika vyama vya wafanyakazi, walipounda chama cha KPU mwaka 1966 wakidai ardhi na haki kwa maskini, walibanwa kila upande, na Oktoba 1969 chama kikapigwa marufuku. Mboya mwenyewe alikuwa ameuawa Julai mwaka huohuo.

Uganda ilifika palepale kwa njia nyingine. Vyama vyake vya wafanyakazi vilikuwa na Wakenya wengi, hasa relini, na mwaka 1964 shirikisho la pili, lililo karibu na chama tawala cha UPC, liliundwa kushindana na Uganda Trades Union Congress. Kisha mwaka 1970, katika mwaka uleule ambao Rais Obote alitangaza siku ya Mei Mosi kwamba serikali ingechukua asilimia 60 ya kampuni kubwa, serikali yake iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi wa Kenya. Walirudi kwao kupitia njia hizihizi za mpakani, na vyama vya Uganda vikapoteza wanachama na viongozi wenye uzoefu. Huu ndio uchungu wa historia yetu: serikali iliyojiita ya mwananchi wa kawaida iliutenganisha umoja wa wafanyakazi kwa pasipoti. Mwaka 1973 utawala wa Idi Amin ukaweka vyama vyote chini ya shirikisho moja, NOTU.

Tanzania haikuwa tofauti sana. Rashidi Kawawa, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa Tanganyika Federation of Labour, akawa waziri mkuu Januari 1962. Mwaka huohuo sheria zikabana haki ya kugoma. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, viongozi wa vyama vya wafanyakazi walitiwa ndani na shirikisho moja, NUTA, likaundwa, likiongozwa na waziri wa kazi mwenyewe. Nchi tatu zenye itikadi tatu zilifika kwenye jibu moja: mfanyakazi awe na shirikisho, lakini asiwe na chama cha siasa.

Majina yaliyotangulia mizizi

Vyama vingi viliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1990, majina yalirudi kabla ya mizizi. Social Democratic Party ya Kenya ilimsimamisha Charity Ngilu mwaka 1997, na ndani yake walikuwemo wasomi kama Peter Anyang' Nyong'o walioiamini kwa dhati siasa ya ustawi wa jamii. Ngilu alipata karibu asilimia 8 ya kura za urais na chama kikavuna viti 15. Lakini nguvu ya kura hizo ilikuwa Ukambani, nyumbani kwa mgombea. Alipoondoka, kura ziliondoka naye. Mwaka 2002 James Orengo, mwanasheria mwenye rekodi ndefu ya kupigania haki, alisimama kwa tiketi ileile na hakufikisha hata asilimia moja. Tanzania iliona jambo hilohilo: Augustine Mrema aliingia Tanzania Labour Party mwaka 1999 na kuibeba hadi uchaguzi wa 2000, na jina la chama halikueleza chochote kuhusu waliompigia kura.

Labour Party of Kenya imepita njia hiyohiyo. Dkt. Ojiambo ni kiongozi aliyefungulia wanawake milango iliyokuwa imekomewa, na hakuna sababu ya kutilia shaka nia yake. Namwamba aliondoka ODM akiwa ametoka kuwa katibu mkuu wake, akiamini kwamba magharibi ya Kenya inahitaji sauti yake. Hapo ndipo ilipo shida: chama kilichoitwa cha wafanyakazi kilitumika kudai nafasi ya eneo mezani Nairobi. Wasamia, Wanyala na Wateso wana haki ya kudai nafasi hiyo. Ila madai hayo ni ya eneo, na mpakizi wa Busia na mbeba mizigo wa Mombasa hawawezi kukutana ndani yake.

Sheria nayo inachangia. Chini ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011, chama cha Kenya kinatakiwa kuwa na wanachama wasiopungua 1,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti 47. Lengo ni jema: kuzuia vyama vya kijiji. Matokeo yake ni kwamba cheti cha usajili kimekuwa kama nyumba ya kupangisha karibu na mwezi wa uchaguzi: mwanasiasa aliyekosana na chama chake huhamia humo na wafuasi wake, na akishindwa huhama tena. Fedha za umma kwa vyama hufuata kura na viti, hivyo chama kidogo kinachojaribu kujengwa kwa ada hakipati cha kukisogeza mbele. Nigeria ilionyesha mwaka 2023 kwamba nyumba kama hiyo inaweza kujaa ghafla: Peter Obi alichukua tiketi ya Labour Party na kupata takriban robo ya kura. Lakini ugomvi wa uongozi uliofuata ndani ya chama ulionyesha pia jinsi ilivyo vigumu kuwaweka pamoja watu waliokusanywa na mgombea mmoja.

Tororo: viti bila mapambano

Uganda imechagua njia ya kuwaingiza wafanyakazi Bungeni moja kwa moja. Katiba ya 1995 ilitambua uwakilishi wa makundi maalumu, na wafanyakazi wana viti vitano. Kwa karatasi, hilo ni jambo ambalo Labour ya 1900 ingelitamani. Kwa vitendo, tuangalie kima cha chini cha mshahara. Kiwango cha shilingi 6,000 kwa mwezi kiliwekwa mwaka 1984, na hakikuongezwa hata pale shilingi yenyewe ilipopoteza thamani karibu yote. Februari 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha, ukisukumwa na wabunge wa wafanyakazi. Rais Museveni hakuutia saini. Wabunge watano, wengi wao wakiwa wa chama tawala, hawakuwa na tawi la kuitisha wala mgomo wa kutishia.

Mjini Tororo kwenyewe, kiwanda cha saruji kilibinafsishwa katikati ya miaka ya 1990 na bado kinafanya kazi. Lakini mzozo mkubwa wa siasa wa wilaya hiyo, kwa takriban miaka 20 sasa, ni kama igawanywe, na ni nani kati ya Wateso na Wajopadhola abaki na manispaa. Mgogoro huo una madai ya kweli ya ardhi, uwakilishi na heshima, na wanaoubeba hawafanyi mchezo. Hata hivyo, una athari moja isiyosemwa: mfanyakazi wa Kiteso na mwenzake wa Kijopadhola, wanaomeza vumbi moja kiwandani, hujikuta kambi mbili kila uchaguzi, na swali la mshahara halipati jukwaa. Wilaya mpya huleta ofisi, magari na ajira za serikali. Mshahara bora huhitaji mapambano marefu yasiyo na sherehe. Mwanasiasa mwenye miaka mitano mbele yake atachagua lipi?

Hoja mbili za kupinga

Kuna wanaosema swali zima limekosewa: Afrika Mashariki haina tabaka la wafanyakazi la kujenga chama. Nchini Kenya zaidi ya asilimia 80 ya ajira, ukiacha kilimo kidogo, ni za jua kali. Hoja hii ina uzito, na ndiyo maana siamini kwamba tunaweza kunakili Uingereza ya 1900. Lakini Zambia pia ilikuwa na waajiriwa wachache ukilinganisha na umma wote, na bado shirikisho lake la wafanyakazi, likiongozwa na Frederick Chiluba, lilikuwa nguzo ya chama cha MMD kilichomwondoa Rais Kaunda mwaka 1991. Zimbabwe ilifuata kwa chama cha MDC cha Morgan Tsvangirai mwaka 1999. Lililowasaidia ni kwamba shirikisho lilikuwa na matawi yake lenyewe na lilikubali kuwabeba wasio na ajira rasmi. Zambia inatupa pia onyo: serikali ya Chiluba iliuza migodi na kupunguza wafanyakazi, na vyama vilivyomweka madarakani vikadhoofika. Kushika serikali pasipo kushika uwajibikaji kunaweza kumla aliyekuchagua.

Na mpakani tuna ushahidi wetu. Januari 2022 madereva wa malori waligoma kupinga ada ya dola 30 ya kupimwa Covid-19 waliyotozwa kuingia Uganda. Foleni Malaba na Busia zikafika makumi ya kilomita, bei ya petroli Uganda ikaruka, na serikali ikalazimika kulegeza. Hawakuwa na chama cha siasa nyuma yao, na mataifa yao yalikuwa mengi, lakini kwa siku chache waligusa mfuko wa kila mtu hadi Kigali. Tabaka lenye uwezo wa kufanya hivyo haliwezi kuambiwa halipo.

Hoja ya pili ni ya heshima zaidi. Inasema ukaribu wa vyama vya wafanyakazi na serikali umeleta matunda: Kenya ilipata Mahakama ya Viwanda 1964, mfuko wa hifadhi ya jamii 1965 na bima ya hospitali 1966, na mikataba ya pamoja imeinua mishahara ya walimu, wahudumu wa bandari na wengine wengi. Ni kweli, na anayedharau matunda hayo hajawahi kulazwa hospitali bila pesa. Ila matunda yale yalimfikia kwanza mwenye hati ya mshahara. Aliye nje ya uzio wa forodha aliachwa, na kila mwaka idadi yake inaongezeka.

Pa kuanzia

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ada ambayo chama kinaihitaji tayari inakusanywa mpakani, kwa majina mengine. Stendi ya boda ina daftari la mchango wa kila siku. Wanawake wafanyabiashara wana vyama vya kuzungushiana pesa na sacco. Wapakizi huchangishana mwenzao anapoumia, na kuna vikundi vya mazishi vinavyofika kwa mwanachama aliyefiwa kabla ya chifu. Ni watu walewale wanaoambiwa hawawezi kulipia siasa. Wanalipa, wanachokosa ni shirika linalogeuza mchango wa msiba kuwa mchango wa madai.

Madai yenyewe yako wazi kwa anayeuliza. Bei ya kupakia na kushusha iandikwe na ibandikwe, ili mnyapara asijadiliane gizani. Kuwe na bima ya ajali inayomfuata mfanyakazi akivuka upande wa pili. Michango ya hifadhi ya jamii ya Kenya na Uganda itambuliwe na pande zote mbili. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, imempa mfanyakazi ruhusa ya kuvuka. Haijampa bado njia rahisi ya kuvuka na haki zake. Kima cha chini cha Uganda kipitishwe. Wanawake wanaolala na mizigo yao wapate mahali salama pa kulala na vyoo. Hakuna dai hapa linalohitaji mtu wa kabila fulani.

Mpaka unatoa pia nafasi ambayo miji mingine haina. Barabara inayoishia hapa inapita Mombasa, Taita Taveta, Makueni, Machakos, Nairobi, Nakuru, Uasin Gishu na Bungoma. Mtandao wa madereva, matingo na wapakizi wa njia hii pekee ungeweza kufikia sehemu ya kaunti ambazo sheria inazidai, bila kukodisha cheti cha mtu. Upande wa Uganda ungehitaji chama ndugu, kwa sheria zake, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki lenye makao Arusha lina wajibu wa kuwa daraja. Mashirikisho ya sasa yasitengwe. Yafunguliwe, katiba zao ziwakubali wasio na mwajiri, na mchango wa siasa uwe wa hiari na uandikwe wazi, kama Waingereza walivyolazimika kujifunza mwaka 1913.

Familia ya Awori ilitoa makamu wa rais wa Kenya, Moody, na waziri wa Uganda, Aggrey, ndugu wa damu walioketi katika mabaraza ya mawaziri ya nchi mbili. Hilo linaonyesha kwamba mpaka huu haujawahi kuwazuia viongozi. Wakati umefika usiwazuie wafanyakazi.

Kwa hiyo anayekuja Busia au Tororo na jina la wafanyakazi midomoni aulizwe maswali matatu kabla ya kupewa kipaza sauti. Nani amelipia gari lililokuleta? Tawi lako hapa linakutana siku gani, na lilikutana lini mara ya mwisho? Ukishindwa mwaka huu, mwakani utakuwa chama gani? Akiwa na majibu matatu yanayoeleweka, apewe kura. Akikosa hata moja, wapakizi na wabaki na mchango wao mpaka wapate wa kuuweka mahali pake, au waamue kuuweka wenyewe.